Kanda ya nyanya, lava ya Olduvai, na sumaku zinazokataa kutulia

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na pia kwa sababu ya sanduku moja la kaseti. Leo nataka kuwasimulia habari za hilo sanduku, lakini tutazunguka kidogo: Ufaransa, Olduvai, Ziwa Turkana, kisha turudi nyumbani. Vumilieni, njia yote ni ya sumaku.

Mama aliniletea huku Kitisuru kaseti 11 zilizokuwa kwa marehemu nyanya. Wenye umri wa wazazi wetu watakumbuka kwamba zamani watu walitumiana kaseti badala ya barua, hasa kama mtumaji hakusoma. Unabonyeza vitufe viwili vya redio kaseti kwa pamoja, unazungumza, unampa dereva wa matatu apeleke. Kazi yangu ilikuwa kuhamishia sauti hizo kwenye kompyuta kabla kanda hazijaharibika.

Kaseti moja haikuwa na lebo. Ndani yake nyanya anasalimia kwa Kikuyu, anauliza habari za kazi, anaeleza mambo ya ng'ombe, kisha anasema mtoto afunikwe vizuri kwa sababu Limuru kuna baridi. Sentensi moja tu kuhusu mtoto, basi. Mama aliposikia alinyamaza kabisa. Alisema huyo mtoto ni kifungua mimba wake, kaka yangu aliyezaliwa mwaka 1986 akafariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mjomba naye akasema hapana, huyo ni dada yangu, wa 1991, maana hata redio kaseti yenyewe ilinunuliwa baadaye. Kaka hakuacha picha. Kama mama yuko sahihi, sentensi ile ndiyo alama pekee iliyobaki ya mtu aliyepita nyumbani kwetu. Kwa hiyo swali la tarehe halikuwa la mchezo.

Nilipokuwa nasikiliza niligundua jambo jingine. Kama sekunde mbili kabla ya kila neno la nyanya kulikuwa na neno lile lile, dogo sana, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Nilidhani ni kosa la programu yangu. Haikuwa programu. Ilikuwa fizikia, na ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari hizi.

Kanda inakumbukaje?

Kanda ya kaseti ni utepe wa plastiki uliopakwa punje ndogo ndogo za oksidi ya chuma. Kila punje ni sumaku yenye umbo la sindano, na usumaku wake unapenda kulala kwa urefu wa sindano: ama kuelekea huku, ama kuelekea kule. Sisi watu wa programu tungesema punje moja ni biti moja. Kichwa cha kurekodi huzipindua punje kufuatana na sauti, halafu kanda huzungushwa na kuwekwa kabatini.

Sasa fikiria vizuri. Kanda iliyorekodiwa haiko kwenye msawazo. Msawazo ni ile hali ambayo mfumo ungeifikia kama ungeachiwa muda wa kutosha, na kwa kanda iliyo kabatini hali hiyo ni vurugu: punje nusu huku, nusu kule, na nyanya haongei tena. Joto la chumba linazitikisa punje usiku na mchana zielekee huko. Kwa nini basi sauti imebaki zaidi ya miaka 30?

Aliyejibu swali hili vizuri ni Mfaransa Louis Néel, mwaka 1949. La kufurahisha ni kwamba hakuwa akifikiria kanda wala diski. Makala yake ilihusu punje ndogo za sumaku, na mfano alioutumia ulikuwa udongo uliochomwa, yaani vyungu na matofali. Mwaka 1970 alipata tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi zake za usumaku.

Hoja ya Néel ni hii. Ili punje igeuke, lazima usumaku wake uvuke kilima cha nishati. Urefu wa kilima unategemea ujazo wa punje. Joto ndilo linalompa mpandaji nguvu. Punje hujaribu kuvuka kama mara bilioni moja kwa sekunde, na karibu kila mara hushindwa. Muda wa kungoja mpaka ifaulu unakua kwa kipeo cha kilima ukigawanya kwa joto. Wenye kompyuta karibu wajaribu: chukua sehemu moja ya bilioni ya sekunde, zidisha kwa *e* iliyopandishwa kwa uwiano huo.

- Uwiano ukiwa 20, punje husahau baada ya nusu sekunde.
- Uwiano ukiwa 40, husahau baada ya miaka 7 na nusu.
- Uwiano ukiwa 60, husahau baada ya miaka bilioni 3.6.

Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilirudia nikidhani nimekosea. Kutoka 20 hadi 60 ni mara tatu tu, na kwa kuwa kilima kinafuata ujazo, unahitaji punje yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 44 hivi. Tofauti hiyo huwezi kuiona hata kwa darubini ya kawaida, lakini inatenganisha kupepesa jicho na umri wa miamba. Kwenye usumaku hakuna "kusahau taratibu" kwa maana tunayoizoea. Kuna punje zinazosahau sasa hivi, na kuna punje ambazo kwa maisha yetu hazitasahau kamwe. Watengenezaji wa diski za sumaku wanaijua sana namba hiyo: kwa muda mrefu walikuwa wakilenga uwiano wa kama 60 ili data idumu miaka 10.

Utauliza: kama 40 inatoa miaka 7 na nusu, si 41 au 42 ingetosha? Hapa ndipo majirani wanapoingia.

Majirani wa mbali

Punje haikai peke yake. Kila sumaku inatoa uga unaoenea nje ya mwili wake. Nguvu ya uga huo inapungua kwa mchemraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, inapungua mara nane. Inaonekana ni upungufu wa haraka. Lakini kumbuka kwamba kadiri unavyokwenda mbali, idadi ya majirani inaongezeka kwa mraba wa umbali. Ukijumlisha tabaka baada ya tabaka, jumla haifi upesi. Ndiyo maana umbo la kipande kizima cha sumaku linaathiri punje iliyo katikati, hata kama ukingo uko mbali naye mara maelfu ya ukubwa wake. Wanafizikia huita hali hii mwingiliano wa masafa marefu.

Uga wa majirani unaweza kukishusha kilima cha punje, na punje zenyewe hazilingani ukubwa. Ndiyo sababu ya kuweka akiba mpaka 60. Na ndiyo sababu ya mnong'ono kwenye kanda ya nyanya. Kanda ikiwa imezungushwa, neno lililo kwenye mzunguko mmoja linagusana na mzunguko wa juu yake na wa chini yake. Uga wa neno hilo unazipindua zile punje chache dhaifu za jirani, zile zenye uwiano mdogo. Joto likiongezeka, kama kanda ikiachwa kwenye gari juani, nyingi zaidi hugeuka. Ukicheza kanda unasikia mwangwi kabla ya neno na mwingine baada yake. Mwendo wa kaseti ni sentimita 4.76 kwa sekunde, mzunguko mmoja wa kanda ni kama sentimita 10, kwa hiyo mwangwi hutangulia kwa sekunde mbili hivi. Hesabu ilikubaliana na masikio yangu.

Wananadharia wamelifikisha wazo la masafa marefu mpaka mwisho wake. Mwaka 1995 Mickael Antoni na Stefano Ruffo walichapisha mfano rahisi ajabu: vishale vingi vinavyozunguka, kila kimoja kinavutana na vingine vyote kwa nguvu ile ile, bila kujali umbali. Ni rahisi kuuandika kwenye kompyuta, kwa sababu kila kishale kinahisi wastani wa wenzake tu, hivyo huhitaji kupita kila jozi. Ukianzisha mfano huo kwa namna fulani, vishale hujipanga haraka kwenye hali ambayo si msawazo, kisha hukaa hapo. Na vikiwa vingi zaidi, hukaa zaidi. Mwaka 2004 Yoshiyuki Yamaguchi na wenzake walionyesha kwamba kwa hali fulani za kuanzia muda huo unakua kwa idadi ya vishale iliyopandishwa kwa kipeo cha 1.7. Ongeza vishale mara 10, muda unaongezeka kama mara 50. Kama ungekuwa na vishale visivyo na idadi, msawazo usingefika kabisa. Watu wa anga wanaijua tabia hii kwenye galaksi, kwa kuwa uvutano nao ni wa masafa marefu. Donald Lynden-Bell aliandika juu yake mwaka 1967.

Niseme wazi ili nisimpotoshe mtu: kanda na vishale vya Ruffo havikwami kwa sababu moja. Kwenye kanda kuna kilima ambacho punje inashindwa kukivuka. Kwenye vishale hakuna kilima. Kila kimoja kinasukumwa na umati mzima kiasi kwamba hakuna mgongano wa mtu na mtu wa kuwatuliza. Lakini somo linafanana. Tulifundishwa shuleni kwamba kila kitu hatimaye hutulia, chai hupoa na bembea husimama. Neno "hatimaye" linaficha mengi. Hatimaye inaweza kuwa baada ya nusu sekunde au baada ya miaka bilioni 3.6, na ulimwengu tunaouona umejaa vitu ambavyo bado havijafika.

Lava nayo ni kanda

Jaribu hili mvua ikinyesha. Chukua sumaku kutoka kwenye spika iliyoharibika, ifunge kwa mfuko wa plastiki, ukaiburute kwenye mchanga uliokusanyika kando ya barabara. Huku kwetu Kitisuru inarudi ikiwa na ndevu nyeusi. Ni punje za magnetaiti na jamaa zake, oksidi za chuma, zilizotoka kwenye miamba ya volkeno. Nairobi yote imekaa juu ya lava na majivu yaliyomwagika upande wa Bonde la Ufa mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo punje hizo ziko chini ya kila nyumba.

Lava inapotoka ikiwa moto hakuna kumbukumbu yoyote. Magnetaiti ikizidi nyuzi 580 za Selsiasi hupoteza usumaku wake wa kudumu. Ikianza kupoa, punje zinapata usumaku lakini bado joto ni kali na kilima ni kifupi, kwa hiyo zinageuka geuka mara nyingi. Uga wa dunia ni dhaifu mno kuzilazimisha. Unachofanya ni kuzishawishi kidogo tu, kama uchaguzi ambao upande mmoja unashinda kwa kura chache. Halafu joto linashuka zaidi, kilima kinapanda, na matokeo ya kura yanafungwa. Tangu siku hiyo mwamba umeshika mwelekeo wa kaskazini ya sumaku ya wakati ule. Punje kubwa hazishiki vizuri, kwa sababu uga wao wenyewe unawafanya wajigawe vipande vinavyopingana ndani kwa ndani. Kumbukumbu bora iko kwenye punje ndogo, chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita hivi.

Wenzetu wa diski wamerudi kwenye mbinu hiyo hiyo. Mwaka 2024 Seagate ilitangaza diski zinazopasha kila biti moto kwa leza wakati wa kuandika, kisha kuiacha ipoe haraka chini ya uga. Joto hushusha kilima kwa muda ili kuandika kuwezekane, ubaridi hukirudisha. Volkeno zilikuwa zikifanya hivyo kabla hajatokea binadamu wa kusoma.

Mwaka 1906 Bernard Brunhes alichapisha habari ya udongo uliochomwa na lava huko Ufaransa, ambao usumaku wake ulielekea kinyume na dira ya leo. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama alionyesha kwamba lava nyingi ziko hivyo, na kwamba mwelekeo unaendana na umri. Watu wengi hawakuamini kwamba dunia nzima imewahi kugeuza dira yake. Na walikuwa na sababu. Mwaka 1951 Takesi Nagata na wenzake waliupasha moto mwamba wa Mlima Haruna, Japani, wakaupooza kwenye uga wa kawaida, na mwamba ukajiandika kinyume, wenyewe, kwa sababu ya mvutano wa madini mawili ndani yake. Néel alikuwa ameshasema kwamba jambo kama hilo linawezekana. Basi, dunia iligeuka, au miamba inadanganya?

Jibu lingepatikana kwa njia moja: kupima umri wa lava kutoka sehemu nyingi za dunia. Kama zenye umri mmoja zina mwelekeo mmoja kila mahali, basi ni dunia. Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple wa Marekani walianza kuijenga kalenda hiyo, na hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Olduvai, Tanganyika, tayari ilikuwa na umri: mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba tabaka la chini la bonde lile lina miaka kama milioni 1.75, kwa kipimo cha potasiamu na agoni. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru wetu na mwaka ambao Philips walianza kuonyesha kaseti, Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya usumaku wa lava ya Olduvai. Ilielekea kaskazini kama dira ya leo, ingawa ilikuwa katikati ya kipindi ambacho lava za kwingine zilielekea kusini.

Kwa hiyo kulikuwa na kipindi kifupi cha kaskazini ndani ya kipindi kirefu cha kusini. Kikaitwa Olduvai. Leo kinawekwa kati ya miaka takriban milioni 1.93 na milioni 1.78 iliyopita, na jina hilo linatumiwa na wanaochimba sakafu ya bahari mahali ambapo hawajawahi kusikia Kiswahili. Vipindi virefu vilipewa majina ya watu: tuko Brunhes tangu miaka kama 775,000 iliyopita, kabla yake ni Matuyama, na kabla ya milioni 2.58 ni Gauss.

Logi isiyo na saa

Sasa tuje kwenye hadithi iliyonifundisha kuwa mwangalifu. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer alipata zana za mawe mashariki mwa ziwa lililoitwa Rudolf, ambalo tangu 1975 ni Turkana. Tabaka la majivu ya volkeno mahali pale likaitwa KBS, kwa herufi za jina lake na neno la Kiingereza la mahali. Mwaka 1970 Frank Fitch na Jack Miller wa Uingereza walilipa umri wa miaka milioni 2.61. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya wa timu ya Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo. Vikaunganishwa, likawa fuvu lenye nafasi ya ubongo ya zaidi ya sentimita za ujazo 700. Ndilo KNM-ER 1470, linalohifadhiwa hapa Nairobi kwenye makumbusho ya taifa, mahali ninapopita nikishuka kwenda mjini. Kwa kuwa lilikuwa chini ya KBS, Leakey alilikadiria kuwa na miaka milioni 2.9. Ubongo mkubwa wakati wa kale hivyo ungebadilisha ukoo wote wa binadamu.

Usumaku uliitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1974 A. Brock na Glynn Isaac walichapisha mfuatano wa mielekeo kutoka matabaka ya Koobi Fora, na wakaulinganisha na kalenda ya dunia kwa namna iliyokubaliana na umri mkubwa. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Karibu na ikweta usumaku wa mwamba hulala karibu mlalo, kwa hiyo swali lote ni kaskazini au kusini. Na zile punje dhaifu, jamaa za mnong'ono wa kaseti yangu, zimekuwa zikielekea kaskazini kufuata uga wa leo. Lazima uzifute kwanza kwa joto au kwa uga unaobadilika badilika, la sivyo tabaka la kusini litaonekana la kaskazini.

Lakini tatizo kubwa halikuwa usafi wa data. Tatizo ni kwamba mwamba unatoa biti bila saa. Fikiria logi ya seva iliyofutwa muhuri wa wakati, imebaki 0 na 1 peke yake, tena baadhi ya mistari imemomonyolewa na mvua. Unaweza kuipachika sehemu zaidi ya moja ya kalenda. Tabaka la miaka milioni 2.61 liko ndani ya Gauss: kaskazini. Tabaka la miaka milioni 1.88 liko ndani ya Olduvai: kaskazini pia. Punje zilikuwa zimetunza kumbukumbu yao vizuri kabisa. Ila kaskazini ya Gauss na kaskazini ya Olduvai zimeandikwa kwa herufi moja.

Waliotoboa mkwamo huo ni nguruwe. Basil Cooke alisema visukuku vya nguruwe vya chini ya KBS vinafanana na vya bonde la Omo, Ethiopia, ambavyo umri wake ulikuwa kama milioni 2, wala si karibu milioni 3. Nguruwe walidharauliwa kwa muda. Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake walipima tena majivu wakapata milioni 1.82 na 1.6. Mwaka 1977 John Hillhouse na wenzake waliongeza vipimo vya usumaku na kuonyesha kwamba mfuatano unaweza kusomwa upya. Thure Cerling, Frank Brown na wenzao walionyesha mwaka 1979, kwa kemia, kwamba majivu ya KBS ni yale yale ya tabaka moja la Omo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ian McDougall wa Australia akapata milioni 1.88 hivi, na mjadala ukaisha. Kosa la mwanzo lilitokana na madini ya kale yaliyochanganyika na majivu. Sampuli za kwanza kabisa zilikuwa zimetoa zaidi ya miaka milioni 200. Fuvu likashuka hadi karibu milioni 2, na bado ni fuvu la ajabu.

Ninachojifunza hapo si kwamba watu wa usumaku walishindwa. Walisoma biti sawasawa. Ila kitu kukataa kutulia, hata kwa mamilioni ya miaka, kinatuhakikishia kwamba habari ipo. Hakituambii ni ya lini. Kwa hilo unahitaji shahidi wa pili asiyemjua wa kwanza.

Redio ya jirani

Nikarudi kwenye kaseti. Mimi nilikuwa nimefanya kama waliowadharau nguruwe. Faili niliyokuwa nikiisikiliza ilikuwa imeshapitishwa kwenye programu ya kuondoa kelele, na sekunde 40 za mwanzo, kabla nyanya hajaanza kuongea, nilikuwa nimezikata. Nikafungua faili mbichi. Mlango unafungwa, kuku analia, na kwa mbali, pengine kwa jirani, kuna redio. Nilisikiliza mara nyingi kwa vipokea sauti. Mtangazaji anataja Sauti ya Kenya.

Kwa vijana wasiojua: Sauti ya Kenya ilibadilishwa kuwa KBC mwaka 1989. Dada yangu alizaliwa 1991.

Nilimpigia mama simu nikamweleza polepole, pamoja na tahadhari zote: kwamba redio inatoa mpaka wa juu tu, kwamba yeye ndiye anayejua kulikuwa na mtoto gani nyumbani kabla ya mwaka huo. Akasema, "Kulikuwa na mmoja tu, mwanangu." Mjomba naye alikubali, akakumbuka kwamba kabla ya kununua redio yao walikuwa wakiazima ya mwalimu mmoja.

Nimeweka nakala kwenye diski mbili na nyingine nje ya nchi, na nimeandika tarehe kwa maneno kwenye faili tofauti: kati ya 1986 na 1987, na sababu za kusema hivyo. Kanda yenyewe nimeirudisha kwenye sanduku, mahali penye ubaridi. Mnong'ono sikuufuta. Kila mara kabla nyanya hajasema mtoto afunikwe, unasikia kwanza kwa mbali akisema mtoto afunikwe.

Kama una kaseti nyumbani, zihamishe mwaka huu. Na ukizihamisha, usikate sekunde za mwanzo. Tukutane wakati mwingine.